Niondoeni Kwenye Michoro Yenu, Mimi na Chupa Yangu ya Chai

Ndugu Mhariri,
Jarida la Wahitimu,
Chuo cha Sanaa na Usanifu Majengo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaokusaidia kupanga picha na kusahihisha maneno. Mimi mwili haujambo. Nyumbani kwangu ndiko kuna jambo. Leo ni Jumatatu, Jumamosi mnafungua ukumbi wenu mpya wa maonyesho, nimealikwa pamoja na mke wangu, na mke wangu amesema hatoki na mimi. Sababu ni jarida lako. Naomba unisikilize hadi mwisho, maana nimeandika nikiwa nimetulia.

Mimi ni fundi fremu. Duka langu linatazamana na lango la chuo. Mhitimu wenu akishinda tuzo, wewe unapata habari, mimi napata mchoro wenyewe: nauwekea kioo, nauzungushia mbao, nampa mwenyewe akautundike kwao. Kwa hiyo usinione mtu baki anayewarushia mawe. Ukurasa wenu wa "Wahitimu Wetu Wang'ara" nausoma wote, na pongezi zangu zinatoka moyoni. Nilifurahi kusoma juu ya yule binti aliyepewa nishani kwa viti vyake, ingawa maelezo yanasema havikukusudiwa kukaliwa. Nilifurahi kwa yule mchoraji aliyepeleka ng'ambo turubai jeupe pe, halina hata alama. Fremu yake niliitengeneza mimi, na nasikia watu waliisifu sana. Nimefurahi hata kwa yule kijana wa maktaba isiyo na kuta, japo sijui mvua ikinyesha vitabu wanavipeleka wapi. Hongera zao wote. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji yenyewe, Ndugu Mhariri, yamemwagikia sebuleni kwangu.

Kisa kilianza zamani, nilipokuwa bado na nywele. Nilikuwa navuka barabara kwenda dukani, nimevaa shati la mistari ya buluu, mkononi nimeshika chupa ya chai. Mwanafunzi wenu mmoja, msichana mwenye kamera shingoni, akaniita kwa nyuma. Nikageuza uso kushoto, mdomo wazi, nataka kusema "Naam?" Kabla sijasema, akapiga picha. Akaniomba radhi vizuri tu, ana adabu yule mtoto, akaeleza kwamba anahitaji mtu wa kumweka kwenye mchoro wake, kwa kuwa jengo likichorwa bila mtu, atazamaye hawezi kujua kama ni kubwa au ni dogo. Nikamwambia hakuna neno. Nilidhani ni mchoro mmoja. Nani asingedhani hivyo?

Kumbe alipofika kwenye kompyuta alinikata, barabara akaitupa, mimi akanihifadhi. Akampa mwenzake. Mwenzake akawapa wa mwaka uliofuata. Wamenirithishana kama kinu cha bibi. Leo naambiwa kila mwanafunzi mpya akiingia chuoni anakabidhiwa rula, ufunguo wa kabati, na mimi. Jina langu huko ndani ni Kipimo. Barabarani wakinisalimu, "Shikamoo Mzee Kipimo," nilikuwa naitikia nimetanua kifua, nikidhani ni heshima kwa utepe wangu wa kupimia.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Nimesimamishwa mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Nipo stesheni. Nipo makumbusho. Nipo kwenye ghorofa ya juu kabisa ya benki, mimi ambaye naogopa hata ngazi ya kubadilishia balbu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni dereva wa lori. Siku moja alipita kwenye uzio wa uwanja mpya wa ndege, akaona bango kubwa la mchoro wa mhitimu wenu, na mimi nimo, katika ukumbi wa wasafiri, na chupa yangu mkononi. Jioni ile alikuja nyumbani na mfuko wa machungwa kuniaga. Akasema kumbe wakubwa mnasafiri kimyakimya. Nikamweleza. Akanikonyeza. Mpaka sasa anasubiri zawadi yake kutoka huko nilikokwenda.

Halafu kuna ule mchoro wa mahakama, ambamo mmenisimamisha kwenye ngazi, peke yangu, mdomo wazi. Mama mkwe aliuona kwenye jarida lako. Ni mtu wa staha, hakuuliza nimefanya kosa gani. Alimwuliza binti yake kwa sauti ya chini kama tuna mwanasheria.

2. Mmenikataza kuzeeka. Mhitimu analeta mchoro dukani, anaufungua juu ya meza, ananitazama mimi, anautazama mchoro, ananitazama tena, kisha ananiuliza kwa upole, "Mzee, mwanao yupo?" Mwanangu! Na lile shati, Ndugu Mhariri, lilikwisha kitambo. Mke wangu alilikata vipande akanipa vya kufutia kioo. Ina maana nafuta kioo kwa shati, na ndani ya kioo nipo nimelivaa shati lenyewe. Jambo hili ukilifikiria sana kichwa kinauma. Mimi nimeacha.

3. Hili la tatu ni la kimo, na ndilo zito kwa taaluma yenu, kwa hiyo usiliruke. Mimi ni mfupi. Silionei haya. Siku ya harusi yetu mpiga picha alinitafutia kreti ya soda ya kusimamia, na hata hapo mke wangu alinipita kidogo. Sasa siku ile ya barabarani nilipigwa picha pale pasipokuwa na mtu, gari wala nguzo kando yangu. Hakuna aliyeniuliza urefu wangu. Wanafunzi wenu wakanichukulia kuwa ni mtu mzima wa kawaida, wakapima kila kitu kwangu: mlango kwangu, benchi kwangu, kitasa kwangu, kioo cha kujitazamia kwangu.

Nilikuja kuligundua hili nilipopeleka fremu kwenye ile zahanati mpya iliyopata tuzo. Niliketi kwenye benchi la wagonjwa, miguu yangu ikagusa sakafu. Nilikwenda kunawa, kioo kikanionyesha uso mzima, si paji tu kama kwingine. Nilitundika kofia yangu bila kurukaruka. Nikajisemea, kweli dunia imestaarabika. Mara daktari akatoka chumbani kwake, akagonga kichwa mlangoni, pwaa! Wala hakulalamika, alisugua tu mahali palepale palipokuwa na nundu ya siku zote. Muuguzi akaniambia madaktari wote pale wana nundu, na kwamba wageni huwatambua hivyo.

Nikaenda kutafuta jarida lako nione mlisemaje. Mmeandika kwamba majaji walilisifu jengo hilo kwa kuwa "linamfundisha unyenyekevu kila aingiaye, tangu mlangoni." Ndugu Mhariri! Si unyenyekevu ule. Ni mimi.

Mke wangu naye alipelekwa pale kupimwa presha. Aligonga kichwa kuingia, akagonga kutoka, na presha ikapanda. Akaapa kwamba hatakanyaga tena jengo lenye mlango wa namna ile. Ujue kwamba mke wangu hainamii mtu. Hakumwinamia baba yangu aliponikataza nisimwoe, akisema tutachekwa barabarani, na sitarajii ainamie kizingiti.

4. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Mke wangu hushona mapazia, mtaa mzima unamwita Mama Pazia, na kila siku asubuhi kazi zikianza kuchangamka huniletea chai dukani. Chupa ni ileile. Juma lililopita alinikuta nimetandaza mezani mchoro wa hoteli moja ya kando ya ziwa, uliopata tuzo ya kwanza. Alianza kwa kusikitika kwamba madirisha yote yale hayana hata pazia moja, na akauliza kama wageni wa hoteli hiyo watavua nguo mbele ya samaki. Halafu akainama akaangalia vizuri. Akavaa miwani.

Uso wangu hakuutambua, maana una nywele. Alichotambua ni chupa. Kifuniko chake kilivunjika mwaka tuliopata mtoto wetu wa kwanza, akakifunga kwa mpira mwekundu mwenyewe, na mpira ule kwenye mchoro unaonekana waziwazi. Mtu anaweza kufanana na mtu. Chupa ile haina pacha. Na kando ya chupa, Ndugu Mhariri, kuna mwanamke. Amevaa gauni la njano, ana mkoba mweupe, ananitazama na anacheka.

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Alisema tu, "Kumbe chai yangu inanywewa huku." Akaichukua chupa, ikiwa imejaa, akarudi nayo nyumbani.

Tangu siku ile chai yangu inakuja kwenye jagi la plastiki lililofunikwa sahani, imepoa, haina sukari, na inaletwa na mtoto wa jirani. Nilimweleza mke wangu kwamba yule si mtu, amewekwa tu na kompyuta. Akaniuliza, "Na wewe?" Nikasema na mimi nimewekwa. Akasema, "Basi mmewekwa pamoja."

Akaja dukani akachukua majarida yenu yote ya nyuma, ambayo mimi huyatumia kufungia vioo, akayapekua moja baada ya jingine pale kwenye cherehani yake. Akatupata bustanini, kwenye benchi. Akatupata makumbusho, tunatazama chungu. Akatupata chini ya mwavuli mmoja na wala mvua hainyeshi. Alipomaliza aliniuliza swali, na aliliuliza polepole: yeye tangu nimwoe nimemfikisha wapi? Dukani na kurudi. Yule wa mkoba mweupe nimemfikisha mpaka uwanja wa ndege.

Iliniuma sana, kwa sababu ni kweli. Kila mara tukipanga kutoka kuna gundi ambayo haijakauka, kuna mhitimu anayetaka fremu yake kesho, kuna kioo kimepasuka. Nimekuwa nikisema tutakwenda, tutakwenda. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakwenda kila mahali, ila sikuwa naye.

Nilijaribu kumtafuta yule bibi nisafishe jina langu. Mhadhiri mmoja aliniambia alikuwa shangazi wa mwanafunzi, alikuja mara moja kumleta mtoto. Mwingine akasema hapana, alikuja na kompyuta yenyewe ilipokuwa mpya. Namhurumia. Pengine huko aliko naye ana mume, na mume ana shemeji, na shemeji ameshanunua machungwa.

5. Kadi ya mwaliko. Hapa ndipo nilipoishiwa subira. Mmeniletea kadi nzuri, karatasi nzito, imeandikwa "wewe na mwenzi wako," nikasema afadhali, Mungu si Athumani, hii ndiyo nafasi ya kutoka na mke wangu. Nikaipeleka nyumbani nimeificha mgongoni kama kijana anayeposa. Mke wangu akaipokea, akaigeuza. Kwa nyuma kuna mchoro wa ukumbi wenu mpya, kazi ya wahitimu, na mlangoni tunaingia sisi wawili, mimi na yule wa njano. Amenishika mkono. Kwenye michoro ya nyuma hajawahi kunishika mkono!

Mke wangu akanirudishia kadi, akaniambia kwamba mwenzi wangu ameshafika, asimsubirishe mlangoni.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, baada ya kupima haya yote, naomba yafuatayo, na sioni kama ni makubwa. Kwanza niondolewe kwenye michoro yote ya wahitimu wote, ya zamani na ya sasa, pamoja na chupa. Pale ambapo jengo limeshaanza kujengwa, ujenzi usimame mpaka nitoke. Pale ambapo limeshakwisha, mlango ubomolewe, kisha mtu mwingine asimame hapo apimwe upya, na madaktari waombwe radhi nundu kwa nundu. Tuzo zilizotolewa kwa sababu ya unyenyekevu zirudishwe kwa majaji, wazipime tena wakiwa wamesimama wima.

Na kama hilo litawashinda, basi nitendewe haki kwa upande wa pili. Nimeingia mtihani wa mwisho na kila mwanafunzi wenu tangu siku ile ya kamera. Walimu wenu wamenitazama wakakuna vichwa, wamenisogeza, wameniambia nipishe mti, wamempasisha huyu na kumrudisha yule. Mimi sijawahi kurudishwa. Hakuna mhitimu wenu hata mmoja aliyejenga majengo mengi kama yale niliyomo mimi. Kwa hiyo nadai niandikwe kwenye ukurasa wa "Wahitimu Wetu Wang'ara," na picha yangu, ya sasa, yenye upara, ili watu waache kuniulizia mwanangu. Najua ninaomba kutolewa na kuingizwa kwa wakati mmoja. Nyinyi ni wasanifu, mtajua pa kuniweka.

Bila majibu kabla ya Jumamosi, nitasimama mwenyewe mlangoni pa ukumbi wenu mpya, kwa miguu yangu, nimegeuza uso kushoto, mdomo wazi, ili kila mgeni aone kipimo chenyewe na apige hesabu zake.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, na mama wa usafi ambaye huniletea maboksi. Wasalimie wahitimu popote walipo, waambie kazi zao ni nzuri kweli na mbao nimewachagulia zilizo bora. Ukimpata yule msichana wa kamera, ambaye sasa nadhani ni mama wa watu, msalimie yeye hasa. Mwambie bado ananidai kuitikia: Naam.

Ni mimi, wa kimo changu mwenyewe,
Fundi Fremu,
mkabala na lango.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, mke wangu akaingia dukani kuchukua jagi lake. Akaifungua barua, akaisoma yote akiwa amesimama. Alipofika namba tatu alicheka mpaka akashika meza. Alipofika namba nne alivuta kiti akakaa. Alipomaliza akaniuliza nani aliyenituma niombe kuondolewa. Nikasema si wewe? Akasema mwanamume una masikio ya kutundikia miwani tu! Yeye hakuwahi kusema nisiende. Alisema ananiona ninakwenda na yeye ameachwa nyumbani. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa salamu.

Naambatanisha picha. Amevaa gauni lake la kutokea, amegeuza uso kulia, ili mkituweka tutazamane, na mikononi ameshika vikombe viwili. Nimesimama kando yake kwenye picha hiyo, bila kreti, mpate kuona tofauti. Tafadhali msimpunguze hata kidole. Kila mtakaponiweka mimi mwekeni na yeye, na milango mpime kwake. Najua kofia zangu zitarudi kutundikwa juu nisikofika, lakini sasa nitakuwa na wa kunitundikia. Yule bibi wa mkoba mweupe mke wangu amesema msimtupe, hana kosa, mtafutieni tu mtu wake wa kusimama naye.

Jumamosi tutakuja wote wawili, na chupa yetu. Mwambieni aliyebuni ukumbi asiende mbali, Mama Pazia ana maneno naye kuhusu yale madirisha. Kuhusu mlango hana neno. Amesema atainama, kwa siku hiyo moja tu.